Tamthilia Isiyo na Amina

Cape Town waliizomea tamthilia ya Floris, na Bloemfontein watu waliondoka katikati wakaenda kunywa. Kwa hiyo alipoileta kwetu Droëvlei, huku nyika kavu ya Karoo, aliniambia waziwazi tukiwa jikoni mwa ukumbi wa kanisa, mimi, shangazi wa kila mtu, nikipanga vikombe: "Tannie Mieta, na hapa nyumbani wakiikataa, narudi kwa baba kuuza vipuri vya matrekta. Siandiki tena."

"Kwani inahusu nini?"

"Ndugu wawili wazee wako mezani. Sahani tupu. Wanasali sala ya chakula."

"Halafu?"

"Basi. Yeyote akisema Amina itabidi wafumbue macho, waone hakuna chakula. Kwa hiyo wanaendelea kusali."

"Mpaka lini?"

"Mpaka pazia lifungwe."

Nikamwambia vipuri vya matrekta si kazi mbaya.

Ukumbi ulijaa, maana Droëvlei mtu haachi jambo linaloishia kwa chai na keki ya maziwa. Nilikaa mstari wa tatu. Pazia likafunguka. Attie na Sarel, waliocheza wale ndugu, ndani ya makoti ya mazishi, wakashikana mikono mezani. Attie akaanza: "Bwana, tunakushukuru kwa chakula hiki..."

Ukumbi mzima ukainamisha vichwa na kufumba macho.

Ndivyo tulivyolelewa. Sala ikianza macho hufungwa, na hayafunguki mpaka Amina. Mimi tu ndiye ninayeacha jicho moja wazi, kwa kuwa nilikulia kwenye bakuli moja la viazi na kaka wanne.

Basi nikaiona peke yangu. Walishukuru kwa nyama, wakashukuru kwa mifupa, wakashukuru kwa mbwa ambaye angepewa mifupa, naye alishakufa mwaka wa ukame. Sarel akanyoosha mkono kutafuta chumvi, akagusa sahani tupu, akaurudisha polepole, kisha akashukuru kwa sauti kubwa zaidi. Nimezika waume wawili na sijaona mkono wenye huzuni kama ule.

Pazia likafungwa. Hakuna aliyepiga makofi. Floris akatokea mlango wa pembeni, uso umempauka.

"Wamelala, Tannie. Hata kuzomea wameona tabu."

"Hebu watazame vizuri."

Akawatazama. Pale mbele mjomba wa wote, Oom Lourens, mzee wa kanisa, machozi yalikuwa yakimtiririka na macho kayafumba vilevile.

"Amina imeshasemwa?" akauliza.

"Bado, Oom," Floris akajibu.

"Basi tusubiri."

Wakasubiri. Floris akakaa kwenye ngazi ya jukwaa. "Tannie," akaninong'oneza, "sasa wanaicheza wao."

Wangekuwa pale hadi leo, ila chai ilikuwa inapoa. Nikasema, "Amina."

Wakafumbua macho. Mbele yao pazia tu, hakuna meza, hakuna mtu. Wakalikodolea macho, kila mmoja na uso wa Sarel pale alipogusa sahani. Kisha Oom Lourens akasimama akaanza kupiga makofi, na ukumbi wote ukasimama naye.

Baba yake Floris aliajiri mtu mwingine. Floris aliandika upya ukurasa wa mwisho tu: tamthilia huisha pale mmoja wa watazamaji anaposema Amina. Imezunguka miji mingi tangu hapo, na Cape Town iliyoizomea sasa huijazia kumbi. Kila anapoweza Floris hunichukua, akanikalisha mstari wa tatu. Magazetini wataalamu hubishana kwa nini ule ukimya wa mwisho siku moja ni mrefu ajabu na siku nyingine ni mfupi.

Inategemea kama nimekula.