Mama Mkwe Asilale

Mimi ni dereva wa miaka mingi, na bado nilifanya ujinga huu. Redio ilisema hewa ya baridi inakuja, nzito, itajipenyeza chini ya ile ya joto yenye unyevu na kuinyanyua, na mlima utaipandisha zaidi mpaka imwage kila ilichobeba. Nikazima redio. Kule bondeni ilikuwa mvua tu, na mvua mimi siiogopi. Sikukumbuka kwamba mvua ya chini, huko juu ni theluji.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha nyuma na mabegi yake yote. Alikuwa anahamia kwetu. Mke wangu alinibembeleza mwaka mzima, nami nikakubali shingo upande.

Theluji ilitunasa karibu na kilele. Ikapanda hadi usawa wa vioo, milango ikagoma kufunguka. Tukaacha injini iwake tupate joto, mpaka mama akasema kichwa kinamuuma na usingizi unamchukua. Nikashtuka. Bomba la moshi lilikuwa limefukiwa, moshi unarudi ndani. Nikazima gari, nikashusha kioo kidogo.

"Hata leo unabania mafuta, baba?"

"Moshi utatuua, mama."

Baridi ikatuingia mpaka kwenye mifupa. Nilimfunika koti langu, lakini macho yakazidi kumlegea, na kwa baridi ile, akilala ndiyo basi tena. Nikamwimbia, nikamfinya, wapi! Basi nikamchokoza. Nikamwambia mchuzi wake hauna chumvi kwa sababu yote iko mdomoni mwake. Akafumbua jicho moja, akanisonya, akalifumba. Niliogopa kama mtoto. Nikatafuta neno baya kuliko yote.

"Mama, mwanao hakutaka uje. Anasema umemchosha tangu utotoni."

Akakaa wima. "Alisema lini?"

Nikatunga siku, nikatunga na maneno. Hakusinzia tena. Alilia kimya kimya mpaka mashine ya kusukuma theluji ilipotufikia na kutufungulia mlango.

"Ulikuwa uongo mtupu, mama. Nilitaka usilale." Nikamwapia mara tatu.

Akanishika shavu. "Una moyo mzuri, baba. Usijisumbue kumfichia."

Kisha akachukua begi lake dogo, akamwendea mwendesha mashine.

"Mwanangu, ukishuka bondeni, nirudishe nyumbani kwangu."