Kura ya Mwenyekiti

Suti mpya ya kijivu ilining'inia mlangoni siku tatu, na kwa siku hizo zote Seneta Wendell Straub hakubanduka karibu na simu. Makamu wa Rais alikuwa amejiuzulu kwa barua ya mstari mmoja. Katiba ilimtaka Rais ateue mwingine, kisha mabaraza yote mawili ya Bunge yampigie kura. Washington nzima ilinong'ona jina la Wendell. Hata kinyozi wake alikwisha kumpongeza.

Simu ikalia kwa Royce Tillery.

Royce, aliyekaa naye chumba kimoja chuoni! Royce, ambaye siku ya kuapishwa kwake bungeni alivaa tai ya kuazima, na tai yenyewe ilikuwa ya Wendell. Wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki. Tena Wendell mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyopaswa kumhoji mteule.

"Mpitishe tu yaishe," mkewe, Adele, alimwambia huku akiichukua ile suti airudishe kabatini. "Miaka yote hii hujapata kumnunia Royce."

"Iache hapo hapo. Nitaivaa nikimhoji."

Mafaili ya mteule yaliletwa masanduku kwa masanduku: kodi, barua, vyeti vya daktari. Wendell aliyapekua mwenyewe wiki mbili, akitafuta doa. Aliliomba kwa Mungu, hata liwe dogo. Katika sanduku la mwisho akakuta nakala ya barua ya Royce kwa Rais, ya tarehe ile ile aliyojiuzulu Makamu. "Usinifikirie mimi," Royce aliandika. "Mchukue Wendell Straub. Amenizidi kwa kila kitu."

Aliisoma mara tatu. Badala ya kupoa, wivu ulizidi kumchoma, maana sasa hata sababu ya kumchukia alikuwa amenyang'anywa.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa pomoni. Wenzake waliuliza yao, zamu ikamfikia. Alikuwa na swali moja tu, nalo lilimtoka kabla hajajizuia.

"Bwana Tillery, yupo mtu anayekifaa kiti hiki kuliko wewe?"

Alitaka jina lake litajwe mbele ya kamera zote, na papo hapo akajionea haya kwa kulitaka.

Royce alisogelea kipaza sauti. "Yupo, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ila simtaji. Ni rafiki yangu, na leo ana kazi ngumu."

Watu walicheka wakidhani ni utani. Wendell aliinamia karatasi zake, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

Kura ziliitwa jina kwa jina, la mwenyekiti likiwa la mwisho. Wendell akasema ndiyo. Karani aliinua uso kutoka kwenye daftari, akaomba radhi kwamba hakusikia, akamwomba Mheshimiwa arudie.