Tulivyoiposa Kompyuta kwa Castory

Ieleweke tangu mwanzo kwamba sikumdanganya mtu. Nilipendekeza tu, kwa unyenyekevu wote niliofundishwa bwenini, kwamba kompyuta ya Ma'mdogo Shadya iposwe.

Ile ya zamani ilikuwa imefariki. Paa la steshenari yake, jirani na soko la Ujiji, lilivuja mvua ilipokolea, na maji yakachagua, kati ya vitu vyote vilivyomo, kuimwagikia kompyuta. Skrini, kibodi na printa vilinusurika. Marehemu aliacha pia kazi: mitihani ya muhula ya shule ya msingi ya jirani, ambayo Ma'mdogo alikuwa ameahidi kuichapa yote. Akishindwa, hana kodi. Na mwenye nyumba, mtu asiyependa kuchelewa, alikwisha kumleta mkaanga chipsi aone mahali pa kuweka jiko. Nilimkuta akipima kwa hatua, pale pale ninapokaa nikiwa likizo.

"Ikram," Ma'mdogo aliniambia, "wewe si ndiye mjuzi wa kompyuta? Nina laki tatu za kikoba. Zikipotea, nafunga duka. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Ma'mdogo."

"Usinichekee."

"Sicheki. Ndivyo uso wangu ulivyo."

Kompyuta mpya kwa pesa hiyo ilikuwa ndoto, kwa hiyo tulikubaliana tuiunde wenyewe kwa vipande vilivyotumika. Nilimweleza mpango wangu. Prosesa iwe ya zamani kidogo, maana kuchapa "Taja maziwa makuu matatu" hakuhitaji akili nyingi. Ila iwe ile inayoweza kutoa picha yenyewe, tusinunue kadi ya picha. Ramu, vijiti viwili. Diski ndogo ya SSD badala ya ile kubwa inayozunguka, kwa sababu Ma'mdogo si mtu wa kusubiri. Kasha lolote, hata lenye makovu.

Kitu kimoja tu sikutaka kukibania: pawa saplai, lile sanduku dogo linalopokea umeme na kuugawa ndani ya mashine. Umeme wa kwetu huondoka bila kuaga na hurudi kwa hasira. Pawa saplai mbovu haifi peke yake. Hufa kama dereva wa bodaboda aliyelewa, pamoja na abiria.

Tatizo lilikuwa Castory. Huyu ni mtu wa Kidahwe, nje ya mji, mwenye duka la vipuri vya kompyuta Kigoma mjini, na bei zake tu ndizo tungeziweza. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nilikwenda kwake peke yangu kwanza. Akaniuliza kama mama yangu anajua nilipo.

Ndipo nilipomkumbuka Mjomba Sefu.

Mjomba Sefu ni kaka yake Ma'mdogo na ndiye mshenga wa Ujiji nzima. Baba mwenye binti akisikia kile kikohozi chake mlangoni, hujua kwamba mahari aliyoipanga imekwisha kupungua. Kompyuta na jokofu kwake ni ndugu.

"Mjomba," nikamwambia, "mjini kuna baba mgumu."

Akakiweka kikombe chini. "Ana mabinti wangapi?"

"Rafu tatu."

"Mabinti gani wanakaa kwenye rafu?"

"Kompyuta, Mjomba."

Alinitazama, akiwaza kama anipige. "Na huyo baba anapunguza?"

"Hajawahi kumpunguzia mtu."

Macho yakamng'aa. "Nipe koti langu."

Basi tukaingia dukani kwa Castory kama watu wenye heshima zao: Mjomba mbele, kanzu, koti na kofia, Ma'mdogo nyuma yake na sinia la halua lililofunikwa kawa, nami mwisho, nimeinamisha macho kama mwari. Vijana wa kijiweni nje walituona, wakatufuata hadi mlangoni. Castory alikuwa akipuliza vumbi kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vipande vyote.

"Shikamoo, Mzee," akasema, akitazama sinia.

"Marahaba. Tumesikia kwako kuna binti. Kijana wetu ni mpweke. Ana skrini, ana kibodi, ana printa, lakini nyumba haina roho."

Castory alitutazama mmoja mmoja. Kisha, bila haraka, akajifuta mikono, akavuta kiti, akakaa kama baba mkwe.

"Binti yupo," akasema. "Ila msinione mtu wa Kidahwe mkadhani sijui. Pilau za harusi za Ujiji nimezila sana. Kilemba changu kiko wapi? Na mkaja wa mama?"

"Mama yupi?" Ma'mdogo akamaka.

"Mke wangu, Verediana. Ndiye anayewafuta vumbi hawa. Uchungu wa mwana huujui?"

Kijiweni wakashangilia. Ma'mdogo akanifinya pajani. "Tumekuja kupunguza au kuongeza?" akaninong'oneza kwa meno.

"Vumilia, Ma'mdogo. Acha azame."

Castory akatuletea mchumba wa kwanza: kasha la kioo linalowaka rangi zote za dunia.

"Huyu je? Usiku hata taa huhitaji."

"Sisi tunachapa mitihani," alisema Ma'mdogo, "hatuvui dagaa."

Kasha la taa likarudishwa rafuni kwa aibu. Tukachagua la bati, lililobonyea ubavuni, lenye stika ya ofisi fulani ya serikali. Nilikagua mazabodi kama bibi anayechambua mchele: hakuna kilichovimba, hakuna kilichoungua, na vile visindano vya kukalia prosesa vyote vimesimama wima. Ramu na diski Castory alizijaribu mbele yetu. Mjomba alipiga vita yake kwa kila kipande, akikohoa, akisifu, akisimama kama anayeondoka, na bei zikawa zinashuka huku Castory mwenyewe akicheka.

Ikabaki pawa saplai. Zilikuwa mbili. Ya rafu ya juu ilikuwa nzito kama tofali, na bei yake ilimgomea hata Mjomba. Ya chini tuliiweza, lakini nilipoipima mkononi ilikuwa nyepesi kama ahadi.

"Hii ikifa?" nikauliza.

Castory alinyoosha kidole ukutani, kwenye maandishi mekundu.

Ma'mdogo aliyatazama yale maandishi, akautazama mkoba wake, na nikamwona anavyoufikiria mkaango wa chipsi. Nikamnong'oneza Mjomba sikioni. Mjomba akakohoa kile kikohozi.

"Bwana Castory. Kilemba tutakupa. Mkaja wa mama tutautoa. Ila mimi sifungi shughuli nusu. Tunaoa kwa taratibu za Ujiji, zote?"

"Zote, Mzee! Mimi si mtu wa nusu nusu."

"Mashahidi mmesikia?"

"Tumesikia!" mlango mzima ukaitika.

Wakapeana mikono. Ma'mdogo akatoa noti ya kilemba kama anang'olewa jino, na sinia la halua likapelekwa kwa Verediana, likawa mkaja. Castory alipomaliza kufunga vitu vyetu kwenye boksi, Mjomba akasema kwa upole:

"Basi, kesho asubuhi tunamsubiri somo wake."

"Somo gani?"

"Bibi harusi haendi peke yake kwa mume. Kuna fungate. Siku saba mtu wa kwao anakuwa naye, anamtunza, anamfundisha nyumba. Akiugua ndani ya hizo siku, wa kwao ndio wanaomtibu."

Castory aliangalia boksi, akaangalia vijana mlangoni. Ukweli ni kwamba alikuwa amehudhuria harusi nyingi za Ujiji, lakini kila mara aliondoka pilau ilipoisha.

"Mzee, ukutani nimeandika. Mali hairudishwi."

"Nani amesema tutamrudisha?" Mjomba aliuliza, akionekana kuumizwa sana. "Mke harudishwi kwa homa. Anatibiwa."

"Zote! Ulisema zote!" vijana walipiga kelele, na mmoja akaanza vigelegele, kazi asiyoiweza.

Castory alinitazama mimi. Nilizidi kuinamisha macho.

"Mwakeye, shemeji," Castory alitusalimu kwa Kiha asubuhi iliyofuata, akiingia steshenari na bisibisi, amenuna. Alikaa kwenye benchi akiilinda mashine aliyoiuza, huku Ma'mdogo akichapa mitihani kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na mafuta ya moto. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu umeme ulikatika, ukarudi kwa ile hasira yake, tukasikia "pa!" na harufu ya nywele zilizoungua. Skrini ikawa nyeusi katikati ya mtihani wa Sayansi wa darasa la nne.

Ma'mdogo alijishika kichwa. Mimi nilimgeukia somo.

"Binti yenu anaumwa," nikasema.

Castory alifungua kasha, akanusa, akasonya kwa urefu ambao sijawahi kuusikia. Alipanda bodaboda hadi mjini, akarudi na lile tofali la rafu ya juu. Mashine ikawaka, abiria wote walikuwa wazima. Mitihani ikaisha kwa wakati, kodi ikalipwa, na mkaanga chipsi akaenda kupima kwingine.

Msidhani Castory alishindwa hivi hivi. Akiwa bado ameshika bisibisi, alimuuliza Mjomba, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujifunza, somo hula nini wakati wa fungate. Mjomba, ambaye hajui kusema uongo juu ya mila, akamwambia somo hulishwa vizuri na huagwa kwa doti ya kanga. Tangu hapo hadi siku ya mwisho, Ma'mdogo alipika migebuka ya ziwani kwa mawese na ugali wa muhogo, na Castory alikula kama anayefidia tofali kwa tonge. Kanga niliichagua mimi. Iliandikwa: UMEYATAKA MWENYEWE USIMLAUMU JIRANI.

Juzi nilipita dukani kwake kutafuta kipanya. Hakunisalimu, lakini alinipunguzia. Ukutani, chini ya yale maneno mekundu, palikuwa na mstari mpya, rangi yake bado mbichi: FUNGATE HAKUNA.