Kilichozima Landrova ya Pelagia

Iliwaka. Hilo ndilo lililomtia Pelagia wazimu. Kila alipogeuza ufunguo, Landrova kuukuu ya marehemu mumewe iliwaka papo hapo, ikanguruma vizuri, kisha baada ya dakika tano au sita ikaanza kukohoa, ikatetemeka na kuzima. Ukiiacha ikapumzika kidogo, iliwaka tena. Bora ingekufa moja kwa moja. Gari lililokufa mtu huliacha barabarani akatafuta njia nyingine. Hili lilimpa tumaini, likamnyang'anya, likampa tena, kutoka Mpimbwe mpaka katikati ya mbuga, siku ile ya Agosti alipokwenda kumchukua mdogo wake, Evaline, amkimbize hospitali ya Mpanda, mjini alikoishi yeye mwenyewe.

Evaline alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Landrova ilizima mara kumi na saba. Kabla hawajafika Sitalike mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, wa kiume, mzito, mwenye nywele nyingi. Hakulia. Lori la mpunga ndilo lililowafikisha mjini jioni. Mama alipona, mtoto walimzika kesho yake.

Siku nne kabla ya safari, fundi Didace alikuwa ameisafisha kabureta ya gari hilo. Kwa hiyo Pelagia hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Walipotoka makaburini alikwenda moja kwa moja kwenye banda la Didace, kando ya soko la Kashaulili, akasimama mbele ya wauza samaki na wanunuzi wao akapaza sauti mpaka ikamkauka. Alimwita muuaji. Akaongeza kwamba wakimbizi walikuja na mikono mitupu, wakapewa pa kulala na ardhi ya kulima, na shukrani yao ndiyo hii. Didace, mzaliwa wa Burundi aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Mishamo na kujifunza ufundi kwenye matrekta ya huko, alisimama na spana mkononi. Tangu siku hiyo hakuna gari lililoingia bandani kwake.

Wiki tatu baadaye, saa tisa alasiri, Didace aliingia uani kwa Pelagia bila kupiga hodi. Nyuma yake alifuata mzee Bartolomeo, muuza vipuri vya baiskeli, ambaye banda lake lilitazamana na la fundi.

"Sikuja kwa amani, mama," alisema Didace. "Nimekuja kulifungua gari. Mzee alikuwapo uliponiita muuaji. Leo nataka awepo tena."

"Ulifungue ili ufiche ulichokiharibu?"

"Simama hapa hapa, uitazame kila nati ninayoigusa. Kama kosa ni la kabureta yangu, kesho nafunga banda narudi Mishamo, na wewe mwenyewe utanisindikiza."

"Nitakusindikiza kwa miguu," alisema Pelagia, akamrushia ufunguo.

Alisimama karibu naye, mikono kaifunga kifuani. Hasira ile ndiyo iliyokuwa imemshikilia wiki zote tatu. Ilimwamsha asubuhi, ikampeleka sokoni kupima mchele, ikamrudisha nyumbani alikokuwa Evaline, ambaye alishinda kwenye benchi la ukumbini akitazama ukuta. Maadamu Didace alikuwa na hatia, Pelagia hakulazimika kuirudia safari ile kichwani, kilomita baada ya kilomita.

Didace aliwasha injini akatazama saa yake. Ilipofika dakika ya tano ikakohoa, ikazima. Hapo hapo alichomoa plagi moja, akaigusisha na chuma na kumwomba mzee azungushe injini. Cheche ya buluu ikaruka.

"Moto upo," alisema. Akafungua kabureta, akaiinamisha mbele ya macho ya Pelagia. "Safi. Lakini kavu. Petroli haifiki."

"Basi ni pampu. Si nayo uliishika?"

"Sikuishika. Lakini tutaiona."

Akafungua bomba la kutoa petroli kwenye pampu, akakinga kopo, akaanza kuisukuma pampu kwa mkono, kwa mpini wake mdogo. Petroli ikaruka koponi kwa nguvu, ikapungua, ikawa matone, ikakatika. Didace alilegeza bomba linalotoka kwenye tangi, akalitia mdomoni na kupuliza. Ndani ya tangi ikasikika sauti ya mapovu. Akalirudisha, akasukuma tena, na petroli ikaruka kama mwanzo.

Akatema mate, akajifuta mdomo.

"Pampu ni nzima. Kuna kitu ndani ya tangi. Pampu ikivuta, nacho kinavutwa mpaka kinaziba mdomo wa bomba. Gari likizima, kinaachia. Ndiyo maana linawaka tena."

"Nani aliyekitia?" Pelagia aliuliza kwa ukali. "Sema. Wewe ndiye uliyekuwa na gari langu kutwa nzima."

Didace aliliweka kopo chini. Alizunguka ubavuni mwa gari, akachomoa tambara lililoziba tundu la kutilia petroli.

"Mfuniko uko wapi?"

"Ulipotea wakati wa masika."

Alilala chini, akafungua nati ya chini ya tangi na kuyamwaga mafuta kwenye ndoo. Kisha akapinda waya ncha yake ikawa ndoana, akaupitisha tunduni, akapapasa kwa muda mrefu. Waya uliposhika aliuvuta polepole. Kilitoka kipande cha kitenge, kimelowa, kimepauka, kirefu kama kiganja cha mkono. Didace alikitandaza juu ya bampa, kando ya tambara alilolichomoa kwanza. Maua yalikuwa yale yale.

Pelagia aliyajua maua yale. Aliikumbuka siku ya Juni aliposimama kutia petroli, akalikuta tundu liko wazi. Alidhani tambara alilozibia limedondoka barabarani. Akachana jingine kutoka kitenge kile kile, akaziba, akaenda zake, wala hakuliwaza tena.

"Ulipaswa kulitazama tangi!" alifoka. "Wewe ni fundi au siyo?"

"Nilipaswa," alisema Didace. "Uliniambia kabureta, nikatazama kabureta. Hilo ni langu, nalibeba. Na hiki ni cha nani?"

Pelagia aliinama, akavisogeza vipande vile viwili mpaka vikakutana.

Mzee Bartolomeo alikuwa ameinamisha macho. "Mimi narudi bandani," alisema hatimaye. "Watu wananisubiri. Wataniuliza. Niwaambie nini, mama?"

"Usiwaambie kitu," alisema Pelagia, sauti imemshuka. "Nitakuja mwenyewe."

Mzee alipoondoka, Didace alirudisha plagi, kabureta na mabomba mahali pake, akaifunga nati, akaichuja petroli na kuirudisha tangini. Aliwasha. Dakika tano zikapita, kumi, kumi na tano. Injini iliendelea kunguruma kwa sauti moja, tulivu. Alianza kukusanya spana zake, akizifuta moja moja.

"Lile la muuaji nilijua litafutika siku likifunguliwa gari," alisema bila kumtazama. "Lile jingine sijui litafutwa na nini. Niliingia nchi hii mgongoni mwa mama yangu. Sikuja na mikono, wala mitupu wala iliyojaa."

Hakusubiri jibu. Alitoka uani na mfuko wake begani, akaiacha Landrova inaunguruma.

Kule ukumbini, Evaline alikuwa ameisikia injini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kunyanyua uso na kutazama nje.

"Dada," aliita. "Haijazima?"

"Haijazima."

"Kumbe ilikuwa nini?"

Pelagia alikichukua kile kipande cha kitenge kutoka kwenye bampa. Petroli ilimchirizikia mpaka kwenye kiwiko, baridi. Aliuvuka ua taratibu, hatua ishirini hivi, akapanda ngazi mbili za ukumbini, akasimama mbele ya mdogo wake.

Evaline alisogea pembeni ya benchi, akampisha nafasi ya kukaa.