Sauti ya Nives

Jumanne walimzika Nives Altieri, na jioni mtangazaji wa redio akasema sasa tutaisikia tena ile sauti iliyowayeyusha wanaume wa Italia nzima. Nikaacha kumenya viazi. Ilikuwa sauti yangu. Nina miaka themanini na mbili, naishi peke yangu ghorofa ya nne hapa Roma, muuza mboga wa chini hata jina langu halijui, na siku hiyo nilililiwa na taifa. Nikazima redio. Nives hakuigiza tena baada ya mwaka 1961, na hakusema nami tena, na sababu ya yote mawili ninaijua.

Wasioijua kazi yetu hudhani mtu akifungua mdomo kwenye filamu, anayesema ni yeye. Kwetu haikuwa hivyo. Filamu zilipigwa bila kujali sauti. Mwigizaji akisahau maneno yake alihesabu moja, mbili, tatu kwa huzuni, huku mafundi wakigonga misumari nyuma ya ukuta wa mbao. Baadaye sisi tuliingia kwenye chumba cha giza. Tulionyeshwa kipande kifupi kilichounganishwa mwanzo na mwisho, kikizunguka tena na tena, tukakisemea mpaka maneno yetu yakae sawasawa kwenye mdomo wa mtu mwingine. Kila mwigizaji mkubwa alikuwa na mtu wake. Mimi nilikuwa mtu wa Nives kwa filamu kumi na tisa.

Yeye alikuwa binti wa Comacchio, mji wa mifereji na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Alishinda shindano la urembo akiwa na miaka kumi na saba. Malaguti, mwenye kampuni ya filamu, akamleta Roma, akambadilisha jina la ukoo, nywele na meno mawili. Sauti hakuiweza. Ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, na ukiisikia tu unajua alikotoka. Malaguti aliisikiliza dakika moja akasema, "Uso wa malkia, koo la mchoma mikunga. Niitieni Ersilia." Ersilia ndiye mimi.

Mama yake alikuwa mchoma mikunga kweli. Bi Argia alisimama miaka thelathini mbele ya meko ya kiwanda akigeuza mishikaki ya samaki, na ule moto ukamla macho taratibu. Binti alipopata jina, mama hakuona tena ila mwanga wa dirisha. Majirani walimpeleka sinema kila filamu ilipofika, wakamnong'oneza, "Huyo sasa Nives, kavaa gauni jeupe." Bi Argia alisikiliza, kisha akauliza Nives atasema saa ngapi. Filamu kumi na tisa, na hakumkuta mwanawe hata mara moja.

Nives alinieleza hayo kwenye kibanda cha kahawa pale studio, akiwa katikati ya kupiga filamu yake ya ishirini.

"Sikuchukii, dada," akasema. "Unanisema vizuri kuliko ninavyojisema. Lakini mama anazeeka, na kwake yeye mimi sijawahi kuigiza. Katika filamu hii nacheza mwanamke wa kwetu, wa kiwandani. Nimemwambia Malaguti nitasema mwenyewe, na kakubali."

"Kakubali kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo wa Malaguti. Haya, hongera."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Akikuita, kataa. Watu wameshakuzoea wewe, hawezi kuniwekea mgeni. Ukikataa tu, hana pa kwenda."

"Sitakanyaga huko, mdogo wangu," nikamwambia. "Nakuahidi." Na nilimaanisha, Mungu anisamehe.

Filamu ilipokamilika, Nives alikwenda kwao kumuuguza mama. Malaguti akaijaribu hapa Roma mbele ya watu mia mbili, na sauti ya Nives ikiwa ndani. Dakika ya kumi alipofungua mdomo, ukumbi mzima ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Sauti ya Nives walikuwa nayo masikioni miaka kumi, na hii haikuwa yenyewe. Walidhani wanafanyiwa mzaha. Kesho yake asubuhi niliitwa.

"Nilimwahidi," nikasema.

"Na mimi nilimwahidi. Basi tuko wawili." Malaguti hakuinua hata kichwa. "Hutaki, nenda nyumbani. Namwita Loredana. Kijana, anakuiga vizuri mno. Akishakuwa Nives yeye, sijui wewe utakuwa nani."

Ningependa kusema niliwaza watoto wangu. Sikuwa na watoto. Nilimwaza Loredana akisimama pangu mbele ya kipaza sauti, nikashikwa na wivu. Nikavua koti.

Siku tatu nikamaliza. Katika chumba kile nilimwona Nives akiigiza kuliko alivyowahi kuigiza, kwa kuwa safari hii hakuhesabu moja, mbili, tatu. Kila neno alilisema akilijua, nami nikayafuta moja baada ya jingine. Fundi aliniuliza mbona nalia. Nikamwambia vumbi.

Hakuna aliyemwarifu Nives, naye akaamini nimeitwa nikakataa. Mwezi uliofuata akaniandikia barua: filamu inafika Comacchio Jumapili, njoo, wewe uliyeikataa kazi ile kwa ajili yangu nataka ukae nasi siku hiyo. Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili. Badala yake nikakata tiketi ya treni, nikajidanganya kwamba mambo kama hayo huelezwa ana kwa ana.

Jikoni kwao palinukia mkunga wa kuchoma na ugali wa mahindi. "Shikamoo, mama," nikasema.

Bi Argia akageuza sikio. "Hee. Wewe nakujua. Si ndiwe unayemmeza mwanangu?"

Nives akacheka. "Safari hii kanitapika, mama. Walimwita, akakataa kwa ajili yangu."

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini yule mama alikuwa ameshanyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akaipata sahani yangu, akaniwekea kipande cha tumboni, chenye mafuta mengi.

"Kula, binti yangu," akasema. "Aliyenyamaza ili mwenzake asikike, hicho ndicho chake."

Nikakila chote.

Tuliingia sinema taa zikiwa zimezimwa, Nives kajifunika mtandio, asije akazongwa na watu. Mama tulimweka katikati. Ukumbi ulijaa moshi na wafanyakazi waliokuja mjini kwa msimu wa mikunga. Dakika ya kumi ilipokaribia, Nives akamshika mama mkono. "Sasa, mama," akasema. "Sikiliza."

Nikasikika mimi, laini, kila neno limepigwa pasi.

"Nives," Bi Argia akauliza, "mbona ni yuleyule?"

Nives akainamia sikio la mama yake, akaanza kusema maneno yake mwenyewe, akiufuata mdomo wake mwenyewe kule mbele. Mwanzoni alichelewa, halafu akapatana nao. Hakuwahi kuifanya kazi hiyo hata siku moja, na aliifanya vizuri kuliko mimi.

"Eeh," mama akasema, na uso ukamchanua. "Huyo. Huyo ndiye."

Lakini mimi kule mbele nilikuwa na sauti kubwa, na kila nilipopandisha, naye ilibidi apandishe. Jamaa aliyekaa nyuma yetu akagonga kiti cha Nives kwa goti.

"Wewe mama, funga domo hilo. Tumekuja kumsikiliza Nives."

Mstari mzima ukacheka. Nives akafunga mdomo.

"Endelea, mwanangu," Bi Argia akamwambia.

Hakuendelea. Alinitazama mara moja tu, juu ya kichwa cha mama yake, kisha akautazama mdomo wake kule mbele. Filamu ilikuwa imebakiza zaidi ya saa nzima. Tulikaa pale watatu mpaka mwisho, na aliyekuwa akisema ni mimi peke yangu.