Droo za Boga

Mwanatabu hakuwa na ugomvi na landrova. Ugomvi wake ulikuwa na zile droo.

Gari lenyewe mumewe, Boga, alilinunua likiwa limekufa, majani yameota mpaka kwenye usukani. Akalivuta hadi gereji yake hapo Bofu, Likoni, akalifufua. Kwa hilo Mwanatabu alimpa heko, maana mwenye haki mpe haki yake. Injini ikanguruma, rangi ikang'aa, na majirani wakaanza kumwita mumewe injinia. Basi si angeishia hapo? Aa, wapi. Akang'oa viti vya nyuma, vile viti vipana ambavyo ukoo mzima ungekaa, na mahali pake akajenga droo za chuma, juu na chini, zinateleza kwa kidole kimoja, kila moja na kufuli lake. Ndani akatandika mpira mzito, akaukata vishimo: hapa spana kubwa, hapa ndogo, hapa nyundo, huku chini jeki na jembe. Miezi na miezi mwanamume mzima anachonga mpira kama mtu anayemchora bibi arusi hina.

Alikuwa akisema kwamba mtu wa porini akikwama atatia mkono tu, bila hata kutazama, ashike anachotaka. Sawa. Lakini watu wa porini wako wapi? Kyalo, dalali wa magari kutoka Changamwe, alileta wateja, na wote walikuwa watu wa mjini. Mmoja alitaka kubeba abiria, akauliza atawakalisha wapi, juu ya nyundo? Mwingine alitaka kupakia magunia, akazitazama zile droo, akaaga. Kyalo naye ni mtu wa bara, hajui kuzungusha maneno.

"Boss, hii gari ni poa kabisa," alimwambia Boga, "lakini hizi droo zinaua soko. Toa, rudisha viti, mimi nakuuzia kesho."

Boga akakataa. Alisema droo ndizo thamani yenyewe, na asiyeziona hizo hafai kupewa gari lile. Hafai kupewa! Ungedhani anaozesha binti.

Hapo Mwanatabu akachoka. Kila walichokuwa nacho kilikuwa kimeingia ndani ya landrova, na kaka yake, Sharif, alikuwa amemtafutia Boga kazi ya zamu katika yadi ya makontena kule Changamwe. Mume na mke wakapatana: mwezi ukiandama kabla landrova haijauzwa, Boga atazikata droo, ataliuza gari kwa bei yoyote, atafunga gereji na kwenda yadi. Boga aliitikia kwa kichwa. Na tangu siku ile akaacha kuimba akifanya kazi. Sauti yake ni mbaya, wallahi, na miaka yote Mwanatabu alikuwa akimwomba anyamaze. Sasa amenyamaza, na gereji imekuwa kama nyumba iliyofiwa. Kumbe aliipenda ile sauti, na kujua hivyo kulimuudhi zaidi.

Siku za mwezi zilikuwa zimebaki chache ilipofika arusi ya Zuleikha, mpwa wa Mwanatabu, huko ndani upande wa Kinango. Mpishi alikuwa Bi Nyamvula wa Mtongwe, ambaye pilau yake watu huisafiria. Bi Nyamvula hapiki kwa chombo cha mtu. Huja na vyake: miko, pawa, visu, vichujio, mbuzi za kukunia nazi. Na kila arusi huondoka kapoteza kitu, maana arusi zetu mwazijua. Vyombo vya mtaa mzima hukusanyika jikoni, na hata ukikipaka chako rangi ya kucha kwenye mpini, kikishaingia beseni la kuoshea, buriani. Bi Nyamvula amenuniana na nusu ya Pwani ya Kusini kwa ajili ya visu.

Asubuhi ya arusi pikapu ya kumbeba ikagoma kuwaka, na Boga akaombwa landrova. Mumewe alipokuwa akikoga, Mwanatabu, kwa zile haraka zake, akafungua droo, akazitoa spana zote, na jeki, na jembe, akavirundika sakafuni gerejini, kisha akapanga humo vyombo vya Bi Nyamvula. Ajabu ni kwamba vilikaa. Pawa zikalala pa spana, visu pa bisibisi, mbuzi ya nazi pale pa jeki. Mumewe hakumwambia. Angemwambia, angekataa, na bibi arusi hawezi kungoja watu wabishane. Masufuria yakafungwa juu ya paa, Mwanatabu na Bi Nyamvula wakakaa mbele na Boga, wasaidizi wa jikoni wakajikunja juu ya zile droo, wakaondoka.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Walipoiacha lami, Boga akawakwepa mbuzi waliotoka kichakani, na magurudumu ya upande mmoja yakaingia mtaroni, yakazama. Wanawake wakaanza kulaumiana. Boga yeye alishuka akitabasamu. Siku aliyoingoja imefika. Akawaita wote waje nyuma ya gari washuhudie, akaivuta droo ya chini, akageuza uso pembeni kuonyesha kwamba hana haja ya kutazama, akatia mkono palipo jembe, akatoa mwiko wa pilau.

Akautazama. Akaurudisha taratibu, akafungua droo ya pili: visu. Akafungua ya tatu, mbuzi ya nazi ikamkodolea meno. Mwanatabu alitamani ardhi immeze, na kwa tope lile isingepata taabu.

"Mwanatabu," Boga akasema, "spana zangu ziko wapi?"

"Ziko salama, Baba Ummi. Ziko nyumbani."

Aliyeanza kucheka ni Bi Nyamvula. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Boga akajitahidi kununa, midomo ikamsaliti, naye akacheka. Lakini jembe halikuwepo, na mchele ulikuwa ukingojewa. Bi Nyamvula akasema miko yake haigusi tope hata bwana arusi alale na njaa, ila mifuniko ya masufuria itaoshwa. Basi wakachimba kwa mifuniko. Mwanatabu alijifunga leso kiunoni akawa mbele, na kwa aibu aliyokuwa nayo akachimba kuwashinda wote. Wakatandika matawi, wakasukuma, gari likatoka likiwarushia tope usoni, na kule kwenye usukani Boga akaanza kuimba. Mwanatabu alifurahi hata akaona haya kufurahi namna ile.

Pilau iliiva kwa wakati, ikasifiwa, ikaliwa mpaka ukoko. Vyombo vilipooshwa, Mwanatabu akavirudisha kwenye droo, kila kimoja kishimoni mwake. Kishimo kimoja kikabaki kitupu.

"Hapo palikuwa na kisu kifupi," akasema.

Bi Nyamvula akasogea, akakitazama kile kishimo. Miaka yote hujua kilichopotea akiwa keshafika Mtongwe, na wageni washatawanyika; atamshika nani? Leo watu wote walikuwa bado uani. Akauliza kwa upole, na kisu kikatoka katika beseni la shangazi wa bwana arusi, aliyeomba radhi, na hakuna aliyenuniwa. Bi Nyamvula akaifunga droo. Akaifungua tena. Njia nzima ya kurudi akawa anageuka nyuma kuzitazama zile droo.

Siku ambayo jioni yake mwezi ulitazamiwa kuandama, Boga aliazima mashine ya kukatia chuma. Ahadi ni ahadi. Kyalo alikuwa amefika na habari za mnunuzi wa bei ya chini, na Mwanatabu amesimama mlangoni mwa gereji. Alitaka kusema acha, lakini yeye ndiye aliyedai. Ndipo akaingia Bi Nyamvula.

"Shikamoo, bibi," Boga akasema.

"Marahaba. Hili gari mwaliuza?"

Kyalo akamdaka kabla mwenyewe hajajibu. "Tunauza, mama. Na usijali hizi droo, zinakatwa saa hii."

Bi Nyamvula akamwangalia kama mtu aliyetia sukari kwenye pilau. "Zikikatwa, mimi gari nalitakia nini?"

Kyalo hakuchukua hata pumzi. "Mama, hizi droo ndio gari yenyewe."

Dalali ni dalali. Lakini aliyeuza landrova ile hakuwa yeye, wala Boga, aliyebaki ameduwaa na mashine mkononi. Ni Mwanatabu. Aliivuta kila droo kwa kidole kimoja, akaonyesha makufuli, akausifu mpira, akasema kazi kama hii haipatikani Likoni wala kisiwani, na Bi Nyamvula alipotaka apunguziwe, akamwuliza visu vilivyompotea miaka yote ile vyote pamoja alivinunua kwa shilingi ngapi. Bi Nyamvula akacheka, akakubali. Ila alitaka mpira ukatwe upya kwa vipimo vya vyombo vyake, na droo moja iachiwe jembe na jeki, maana lile tope lilimtosha. Tena wako wapishi wenzake wawili, wa Ng'ombeni na wa Shika Adabu, wenye pikapu zao. Nao wanataka droo, na wanataka kabla ya msimu wa arusi.

Mwanatabu akaingia ndani, akampigia simu kaka yake.

"Shikamoo, kaka. Ile nafasi ya yadi mpe mwingine."

Sharif akauliza kulikoni, shemeji mgonjwa? Mwanatabu akachungulia gerejini. Boga alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapima upawa kwa futi, amesahau kwamba watu wapo.

"Mzima," akajibu, na makusudi akapandisha sauti ili mumewe asikie. "Ana kazi."