Karatasi ya Edmund Yaenda Ukweni

Mimi Ambrosi nimekuwa mshenga mara saba, na sijawahi kurudi mikono mitupu. Posa ya nane nusura inizike. Ilikuwa Jumamosi moja ya Machi 1974, na aliyenituma ni Edmund, mkemia wa maabara moja Mbeya, kijana mwenye akili nyingi na busara kiduchu. Alimpenda Lea wa Iringa mpaka akawa anasahau kula. Baba yake Lea, Mzee Timotheo, mzee wa kanisa la Kilutheri, alisema hamtaki mkwe asiyemwona kwa macho, ikabidi niende na Edmund mwenyewe.

Njia nzima nilimsihi asitaje kazi yake. Alikuwa anaponda mianzi, anatoa selulosi, anatengeneza karatasi nyembamba, kisha ananasisha juu yake kimeng'enya kinachotambua sukari, kisiondoke hata ukikichovya majini. Penye sukari, karatasi inageuka bluu. Alitaka mgonjwa wa kisukari wa Makongolosi apimwe palepale, asifunge safari hadi Mbeya. Kazi njema, sikatai, lakini si ya kusimulia ukweni.

Tulipokewa vizuri. “Kamwene,” tukaitikiana, tukakaa na mzee, mkewe Damari na Mchungaji Saulo. Tukamiminiwa mtogwa, ule ulanzi mtamu, maji ya mianzi yanayonywewa siku ileile yalipogemwa. Uliochacha kanisani kwao ni marufuku, na Mzee Timotheo ndiye aliyekuwa akiwasimamisha ushirika wanaokutwa nao.

“Kijana anafanya kazi gani?” akauliza mzee.

“Napima mkojo, baba,” akasema Edmund kabla sijafungua mdomo.

Mchungaji akaweka kikombe chini. Nikaeleza mbio mbio habari za wagonjwa na sukari, mpaka mzee akacheka. “Basi pima mtogwa wangu! Hiyo karatasi itaungua kwa utamu.”

Edmund akachovya. Tukangoja. Karatasi ikabaki nyeupe.

“Hauna sukari,” akasema, uso umemng'aa. “Yote imegeuka pombe. Huu una siku tatu, baba.”

Nikamkanyaga mguu. “Karatasi zimeharibika na baridi ya njiani,” nikasema. “Hazina maana kabisa hizi.”

“Eee, baridi ya huko Mbeya!” akadakia mzee, jasho likimtoka.

Hapo Edmund alitakiwa kunyamaza tu, na Lea angekuwa wake. Nilimtazama nikaona neno langu limemchoma.

“Nimeihangaikia miaka mitatu, mjomba,” akaniambia. “Karatasi yangu si mbovu.”

Akaomba asali. Mama Lea, kwa ukarimu wake, akaleta. Edmund akaikoroga kwenye maji, akachovya: bluu tupu. Kisha, ili mzee asijione ameonewa peke yake, akapima kikombe cha mama, halafu cha Mchungaji, aliyekuwa ameshafika kikombe cha tatu. Nyeupe. Nyeupe.

Nilianza kuwaza basi la kurudia. Edmund akasimama, machozi yanamlengalenga. “Nisamehe, baba. Lea nampenda kuliko nafsi yangu, ila siwezi kusema karatasi imedanganya wakati haijadanganya.” Mimi niliyekuwa nataka kumkaba koo, nikamwonea huruma.

Mchungaji Saulo akaikagua karatasi yake. “Haya majibu, kijana, utayapeleka wapi?”

“Kwenye ripoti ya maabara, Baba Mchungaji. Inatakiwa mwisho wa mwezi. Naandika na jina la mwenye kinywaji.”

Mungu wangu! Mama Lea akashika kichwa.

Mchungaji akanigeukia mimi. “Mshenga, wewe unazijua mila. Mkwe anaruhusiwa kumtangaza baba mkwe?”

“Hata jina lake hatakiwi kulitamka,” nikasema, “sembuse kuliandika.”

“Ni kweli,” Edmund akakiri kwa unyonge. “Akiwa mkwe wangu, siwezi kuandika lolote la mezani kwake.”

Mzee Timotheo aliziangalia zile karatasi nne mezani, moja bluu na tatu nyeupe, muda mrefu. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni.

“Lea! Njoo umsalimie mume wako.”

“Matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu,” akasema Mchungaji Saulo, akikimalizia kikombe chake. “Kesho nitayasoma yote matatu.”